Matelasi ya Siku ya Mali

Haya yangu nimeshaizoea, leo naicheka miye mwenyewe, lakini ile siku nilitamani ardhi inimeze, na mwenye kunijua tangu zamani pale Ndosho anaweza kuwaambia kama sidanganyi.

Ndosho wakati ule ilikuwa kartye ndogo tu pembeni ya Goma, nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, watu wote wanajuana mupaka mbuzi zao. Ilikuwa miaka ya vita, na wengi wetu tulikuwa tumekimbia kutoka Masisi, basi kila nyumba ilikuwa na furushi tayari nyuma ya mulango. Hatukungojea redio ituambie kitu. Tulikuwa tunaangalia barabara ya Sake: ukiona muntu anashuka mbio na matelasi yake, godoro ya kulalia, kichwani, unachukua watoto, unaenda.

Sasa ile siku wakwe walikuwa wanatoka Karuba kuleta mali yangu ya kuolewa, na Bahati, muchumba wangu, nilimungojea tangu tuko wote kwenye kambi ya wakimbizi, nikafikiri sitamupata tena. Na kwetu binti haonekane siku ya mali mupaka shangazi zake wamutoe chumbani. Miye nimefungiwa pale, naangalia kitanda chenye mama mukwe atalalia, iko mbao tupu na mukeka. Nikasikia haya. Mama yangu mukubwa alikuwa na matelasi nzuri, kule juu kwenye barabara ya Sake. Nikajiambia naenda na kurudi, nani ataniona? Nikajifunika kitenge uso wote, nikapita nyuma ya jikoni.

Wakati wa kurudi, matelasi kichwani, wingu likakuwa jeusi, nikaanza kukimbia (matelasi ya watu, ilowe?). Papa Kambale, mwenye duka, butike ya pale barabarani, akauliza, “Dada, kuko nini kule?” Nikanyamaza, juu anajua sauti yangu. Mama Sifa, jirani yetu, akauliza, “Wamefika wapi?” Nikaongeza mbio. Nyuma yangu nikasikia milango ya butike inafungwa, nikafikiri ni sababu ya mvua.

Nafika nyumbani, mboga ya sombe iko kwenye moto, viti vya wakwe vimeanguka, hakuna muntu. Mama mumoja anapita na sufuria kichwani, ananiambia, “Weye unangoja nini? Wanakuja!” Na miye, mujinga, nikaamini. Nikasema, Mungu wangu, vita imekuja siku ya mali yangu. Nikarudisha matelasi kichwani, nikakimbia na wengine, nalia.

Pale njia panda ya soko kartye nzima ilikuwa imesimama kwenye mvua. Papa Kambale alikuwa anauliza nani ameona waasi kwa macho yake. Hakuna. Kila muntu aliona mwanamuke wa matelasi. Njo wakageuka, wakaniona, na kitenge kilikuwa kimeanguka zamani. Mbele yangu kabisa, kumbe wakwe walishafika, iko baba yake Bahati, ameshika kamba ya mbuzi ya mali. Shangazi yangu akaweka mikono kichwani, akasema, “Mali imekufa.”

Papa mukwe akaniuliza pole pole, “Hii matelasi ulikuwa unaipeleka wapi?”

“Kwenye kitanda ya mama, Papa. Asilale kwenye mbao.”

Mama mukwe njo alitoka katikati ya watu, amelowa mupaka miguuni. “Tangu tunakimbia,” akasema, “hakuna mwenye alishafikiria kwenye nitalala.” Akashika upande mumoja wa matelasi. “Kamata kule, binti yangu, turudi nyumbani.” Tukaibeba wawili, kartye nzima nyuma yetu inacheka, na mali ikatolewa jioni ile ile, wakwe wamevaa nguo za baba yangu.

Majirani wale wametawanyika, wengine sijui hata kama wanaishi, na nikiwakumbuka roho inaniuma. Lakini tangu ile siku, hata mvua inyeshe namna gani, nikikutana na muntu njiani nasimama, nasalimia, namueleza kwenye natoka na chenye nimebeba, hata kama hajaniuliza.