Namba za Akiba Kwenye Kabati la Dawa

Kazi nyingi nimeziacha Nairobi, na nyumba nyingi nimehama. Kompyuta nilijifunzia kwenye saiba, vile vyumba vya intaneti ya kulipia, za katikati ya jiji baada ya kidato cha nne, na mpaka leo nazitamani zile feni zake zenye kelele. Lakini kazi ninayojivunia ni seva ya zahanati moja ya mtaa wa Kangemi, kompyuta kuu inayotunza kadi za kina mama wajawazito.

Seva ikikwama, huwashwa upya kupitia ukurasa wa mtandaoni. Nywila peke yake ya kuuingia haikunitosha. Nikaongeza namba ya siri inayotokea kwenye simu yangu, kisha nikamwonyesha muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Sista na ambaye nywila alikuwa nayo.

"Na simu yako ikinyakuliwa tao, huko mjini?" akauliza.

"Kuna namba za akiba za kuingilia bila simu, Sista. Nimejitumia kwa meseji."

"Kwa simu gani?"

Nikainua ile ile iliyokuwa mkononi. Akacheka mpaka akashika meza. "Ai, fundi! Umefungia ufunguo ndani ya nyumba!" Kisha uso ukabadilika. "Hii kitu ikitufungia nje siku ya kliniki, narudi kwa madaftari. Na wewe utabeba kompyuta zako."

Nikaenda kufikiri. Namba ije kwa meseji? Laini huibwa, mwizi akaisajili upya kwa jina lako. Simu ya pili? Ningeibeba mfuko mmoja na ya kwanza. Njia ya dharura isiyo na ulinzi? Hata mwizi angeipenda.

Jibu lilikuwa zahanatini kwenyewe. Dawa kali hukaa kwenye kabati ambalo halifunguliwi na mtu mmoja: wauguzi wawili husimama, wote wawili hutia sahihi. Nikachapisha namba kumi za akiba, kila moja ya kutumika mara moja tu, nikazifunga kwenye bahasha, tukaiweka humo.

"Sasa simamisha seva tujaribu," Sista akasema. "Lete simu hapa. Imezimwa? Haya, toka nje, na usichungulie."

Nikakaa kwenye benchi na kina mama, mikono mitupu. Ndani nilisikia kabati likifunguliwa, bahasha ikichanwa, halafu kibodi ikibonyezwa kidole kimoja kimoja. Mara mbili niliinuka, mara mbili nikakaa.

Ndipo sauti ya Sista ikapita dirishani, akisoma namba ya kadi kutoka kwenye kompyuta. Mama aliyekaa kando yangu akajibu, "Mimi hapa," akaingia. Sikuwa nimegusa chochote.