Mama Povu na Mteja wa Uzi wa Kijani

Asubuhi ile Mama Povu alikuwa akinyoosha mashati, mumewe akipepea makaa ya pasi. Majivu yakaruka, yakatua kwenye kola nyeupe.

"Mzee wangu, unapepea makaa au unachoma kibanda?"

"Moto wenyewe una kiburi kama mwenye nyumba."

Akacheka, akaipangusa kola. Chai ilikuwa haijachemka. Asubuhi nyingine kama ile hawakuipata tena.

Alikuwa dobi tangu usichana wake. Kusoma hakujua, na mumewe vilevile. Kila mteja alimtengea rangi yake ya uzi, akaupitisha mshono mmoja ndani ya pindo la nguo. Majina hakuuliza. Alichokikuta mfukoni alikifunga kwa uzi uleule, akakitia kwenye kopo la maziwa mpaka mwenyewe aje. Mtaa mzima ulimwamini.

Siku chache kabla, duka la jirani lilikuwa limevamiwa, mwenye duka kapigwa nondo, na asubuhi ile askari walikuwa wakipekua kibanda kimoja baada ya kingine. Wakaingia kwake wawili. Wakamwaga kopo. Ikadondoka saa ya mkononi.

"Ya nani hii?"

"Ya mteja. Ilikuwa kwenye suruali ile pale."

"Mteja gani?"

"Wa uzi wa kijani."

Askari wakatazamana; saa ilikuwa ya yule mwenye duka. "Bibi, uzi hauna miguu. Jina lake?"

Jina hakuwa nalo. Sura aliieleza: mrefu, mpole, anasalimia vizuri. Watu wa namna hiyo wamejaa tele. Mteja mwenyewe aliposikia saa imeonekana, hakurudi hata kuchukua suruali.

Mahakamani alisema yaleyale. Watu wakaangua kicheko, hakimu hakucheka. Akamfunga miaka saba. Yule mteja alikuja kukamatwa kwa wizi mwingine, akakiri na wizi wa saa ile. Hukumu ikafutwa. Mumewe akaambiwa mkewe sasa hana hatia. Akauliza, "Nani atakwenda kumwambia?" Alikuwa ameshamzika.

Gerezani kifua kilimbana. Mara ya mwisho mumewe alipokwenda, alimkuta amekonda, ameshikilia wavu asianguke. Mkubwa wa gereza alikuwa ameshasema: mgonjwa akikiri kosa na kuomba msamaha, huenda akaachiwa. Mumewe alitaka kitu kimoja tu, arudi naye angali hai.

"Kubali, mama. Neno moja tu, twende zetu."

Akatikisa kichwa.

"Mungu anajua ukweli. Hawa wadanganye."

Akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja. Mlinzi akagonga mlango: muda umekwisha.

"Mama, nakuomba. Nitabaki na nani?"

Akausogelea wavu. Kisha akasema:

"Nikikiri, atakayerudi kwako ni mwizi. Utalala naye vipi, mzee wangu, na wewe hata panya unamwogopa?"