Kenafu Kwenye Tope la Shaba

Mto ulipofurika na kisha kurudi kwenye njia yake, uliacha tope la kijivu lenye michirizi ya kijani juu ya shamba langu, nje kidogo ya mji wa Kasese. Tope hilo lilitoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba, huko juu bondeni. Nikapanda mahindi, yakawa manjano na kudumaa. Nikapanda maharage, hayakutoa hata ua.

Mume wangu alikuwa mpagazi pale mpakani Mpondwe. Aliporudi na kuona hali ile akasema, "Tuhamie kwa ndugu zangu Karambi. Hapa pamekufa."

"Wasalimie," nikamwambia. "Mimi nabaki." Akaenda peke yake.

Shamba lile aliniachia mama yangu. Sikuwa tayari kufukuzwa na tope.

Msimu uliofuata alikuja binti mmoja, mtaalamu wa udongo kutoka chuo kikuu, akitafuta mkulima wa kujaribu naye kilimo cha kenafu. Kenafu ni mmea mrefu wa nyuzi, wa ukoo mmoja na bamia. Alinieleza kwamba mizizi yake hunyonya shaba na kobalti kutoka ardhini, na nyuzi za bua husokotwa kamba. Hakunificha kitu. "Mama, itachukua miaka mingi. Na hakuna kitakacholiwa hapa, si mtu, si mbuzi."

"Kwani sasa hivi nakula nini hapa?" nikamjibu. Tukaanza kupanda.

Kenafu ikaota. Baada ya miezi michache ilinipita urefu, na shamba lililokuwa upara likawa kijani kiasi cha watu kusimama njiani kutazama. Hapo ndipo matata yalipoanza, kwa sababu majani ya kenafu ni laini na kwetu kila jani laini ni mboga.

Asubuhi moja nilimkuta jirani yangu, tuliyeimba naye kwaya, akichuma na kapu lake limejaa. Nikamshika mkono.

"Haya yana sumu ya mgodi. Mwaga chini."

"Mbona wewe huna sumu, na unashinda humu?"

"Mimi siyali."

"Watoto wangu wamekula bundu, ugali wa muhogo mtupu bila mchuzi, tangu jana, na wewe unalinda majani," akasema. Nilimpa dodo, mchicha niliopanda nyuma ya nyumba, mbali na tope. Akauacha pale chini akaenda zake. Jumapili kanisani nilijikuta benchi zima peke yangu. Niliitwa mchoyo, nikaitwa mchawi wa kamba. Iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza, lakini nikazungushia shamba miiba, na kila aliyekuja na kapu nilimrudisha.

Wakati wa kuvuna, mabua hulowekwa majini hadi ganda lioze na nyuzi ziachie. Wengi walinishauri niyaloweke mtoni. Nilikataa. Mto ule ule unateremka hadi ziwani, kwa wavuvi wa Hamukungu, na mimi sikutaka kuwafanyia wengine niliyofanyiwa. Nilichimba shimo, nikatandika turubai kuukuu alilonipa Haji, mfanyabiashara wa Bwera mwenye lori, na maji yake nikayaacha yakauke humo humo kwa jua.

Haji ndiye aliyechukua kamba za kwanza. Alivuta moja kwa mikono miwili, akaikanyaga, akavuta tena. "Hii iko nguvu," akasema. "Wapagazi wa Mpondwe wataipenda." Mume wangu alikuwa wa kwanza kufungia nayo mzigo.

Ikabaki mizizi na majani makavu, magunia kwa magunia. Binti wa chuo alisema visichomwe wala visizikwe shambani, maana shaba ingerudi kule kule. Nikamwomba Haji lori lake. Tulipanda bondeni hadi lango la lile lundo la mabaki. Mlinzi, mwanajeshi mstaafu, akatuzuia.

"Rudisha gari. Hapa hakuna kutupa takataka."

"Afande, si takataka yangu," nikasema. "Ni mali ya hapa. Iliteremka na mto ikalala kwangu bila kualikwa. Nimeikusanya, naileta."

"Nani amekutuma?"

"Shamba langu."

Nikashuka, nikakaa juu ya gunia mbele ya lango. Haji akazima injini, akatandika mkeka kando ya barabara akaswali adhuhuri yake taratibu. Malori mengine yakaanza kupanga foleni nyuma yetu na kupiga honi. Mwishowe akatoka msimamizi, akanisikiliza, akakuna kichwa. "Mfungulie," akamwambia mlinzi. "Mama, yapange kule ndani, nyuma ya ukuta." Nilibeba magunia mengine mwenyewe, na mlinzi, bila kuombwa, akabeba yaliyobaki.

Miaka imepita na nimevuna mara kadhaa. Binti alipopima udongo alisema shaba imepungua upande wa juu, ila upande wa mto bado. Mume wangu alirudi, na sasa anasokota kamba nyumbani. Jirani yangu alikuja mwaka jana kuomba mbegu, kwa sababu tope lilifika kwake pia. Nilimpa, nikamwonyesha nafasi ya kuacha kati ya mche na mche. Hatukuzungumzia kapu.