Mada Yangu ya Utafiti Imesikika Uani

Jamani, msije mkampigia msimamizi wenu wa utafiti mkiwa uani.

Leo asubuhi nimempigia dokta anayenisimamia chuoni anisaidie kubana mada. Huku kwetu Bunju mtandao haukamati chumbani, ikabidi nisimame pale kwenye tenki la maji, simu nimeweka spika, kalamu mkononi.

Mama Rehema, mpangaji mwenzangu, alikuwa anafua pembeni.

Baada ya shikamoo nikasoma: "Migogoro ya wapangaji Dar es Salaam."

Dokta: "Pana mno. Bana."

"Migogoro ya wapangaji wa nyumba moja, Bunju."

"Migogoro ya nini?"

"Ya zamu za kufagia uwanja, dokta."

"Enhe! Bana tena."

Mie na kiherehere changu, nikabana: "Kwa nini mpangaji mmoja huumwa kiuno kila zamu yake ikifika."

Dokta akashangilia. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo mada!"

Beseni likasukumwa. Mama Rehema huyo kasimama, mapovu mpaka viwikoni.

"Si unitaje jina tu? Kuna mwingine anaumwa kiuno humu ndani?"

Nikatamani nizame kwenye tenki.

Sauti ya dokta ikatoka kwenye spika: "Huyo mama muombe umhoji. Usimwache!"

Mama Rehema hana hiyana, kakubali. Sharti lake moja tu: zamu zake nifagie mie mpaka nihitimu.

Nyie mliomaliza chuo, utafiti huwaga unachukua muda gani? Jibuni haraka, hapa naandika fagio liko kwapani.