Uji Chini ya Mgomba

Mama alianguka njiani kwenda chooni, mvua ilipoanza. Udongo wa kambi yetu ya Nakivale ukilowa unateleza kama sabuni. Tulimpeleka hospitali ya Mbarara, wakampiga picha ya mguu, dokta akasema hakuna mfupa uliovunjika, arudi nyumbani aendelee kutembea. Wakatupa na chuma cha kutembelea, kile cha miguu minne. Kwenye sementi ya hospitali kilienda vizuri. Kwetu kilizama kwenye matope siku ileile, na sasa kuku wanalala juu yake.

Mguu ukapona. Woga haukupona.

Mchana namshika mkono nampeleka. Shida ni jioni, maana jioni naenda Base Camp kusoma na watu wazima wenzangu. Nikiwa mtoto sikusoma, vita vilinikatisha. Mume wangu anabaki nyumbani, na nguvu anazo nyingi, lakini kwetu mkwe hamshiki mama wa mke wake kumpeleka fasi kama hiyo. Hata kuitaja ni aibu. Basi yeye anakaa uani, Mama ndani, wanasalimiana kupitia pazia.

Nilijua mambo yameharibika wakati wa rozari. Mama ndiye anayetuongoza. Siku hiyo ulimi ulimganda katikati ya Salamu Maria, midomo imekauka hadi imepasuka. Kesho yake nikaona nzi wamejaa kwenye mgomba chini ya dirisha lake. Uji! Uji wangu wote alikuwa anaumwaga pale.

"Mama, unataka kufa na kiu?"

"Nisipokunywa, siendi. Nisipoenda, sianguki."

"Basi nitaacha masomo."

"Nani amekwambia uache?"

"Nikuwekee kopo ndani?"

"Kopo ni la mtoto mchanga. Weye ndiye nilikuzaa, si weye ulinizaa miye."

Nilikasirika hata kusali kukanishinda. Nikamwambia Mungu waziwazi kwamba nimechoka. Hata mume wangu nikamfokea.

Jumamosi mume wangu akaenda soko la Rwekubo, akarudi na kamba nene ya katani. Akachimbia miti kutoka mlango wa Mama mpaka chooni, akaikaza kamba usawa wa kiuno. Hakusema ni ya nini. Alisema kwa sauti, akiutazama mgomba:

"Hii kamba inafunga hata ng'ombe."

Mama akajibu toka ndani: "Ng'ombe yako iko wapi, mkwe wangu?"

Siku nzima hakuigusa. Jirani akaja akaanika shuka zake juu yake. Hapo ndipo Mama alitoka mlangoni akipiga kelele: "Ondoa nguo zako! Kamba ina mwenyewe!"

Jioni iliyofuata nilirudi toka darasani nikamkuta yuko katikati ya njia, mikono yote miwili kwenye kamba, anasogea kidogo kidogo. Mume wangu alikuwa amegeukia ukuta, adabu zake zote mgongoni. Nilitupa daftari nikamkimbilia Mama.

"Acha! Nimekuita?"

Aliingia chooni, akavuta mlango. Nikabaki nje kwenye matope, mikono haina kazi, nimekasirika, nasikiliza kama ataanguka. Hakuanguka. Aliporudi alipita mbele yangu bila kunitazama.

"Uji uko wapi?" akauliza. "Na usiniletee kidogo."