Nyangumi wa Madamu Tabu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya wino wa maka peni mtu akiandika kwenye karatasi ya manila, uso wangu hupata joto. Si jambo ninalopenda kulisimulia, lakini nyinyi acha niwaambie.

Nilikuwa darasa la sita, shule moja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Madamu Tabu alikuwa mwanachuo wa ualimu aliyeletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Mpole, mwenye sauti ndogo na Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha kama cha mama zetu. Siku hiyo mkufunzi wake alikaa dawati la nyuma, faili mapajani, amekuja kumpima.

Madamu alibandika ukutani nyangumi wa kijivu, aliyemchora mwenyewe kwenye manila nne zilizounganishwa. Akatueleza kwamba nyangumi hao hula vijidudu vya matopeni katika bahari ya baridi kali, kisha huogelea miezi mizima kwenda kuzaa kwenye maji ya vuguvugu.

"Sasa dunia inapata joto," alisema. "Barafu inapungua, chakula chao nacho kinapungua. Wanasafiri na njaa. Wengine wanafia njiani, wengine hawazai tena." Akagusa mchoro nyuma ya kichwa. "Aliyekonda hubonyea hapa, shingoni."

Mwaka ule mvua ilikatika maharage yakiwa kwenye maua. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mimi nilikuwa mwembamba kuliko wote darasani. Wenzangu wawili wakageuka kunitazama shingo. Niliogopa. Nikanyoosha mkono haraka.

"Madamu, bahari imejaa samaki. Kitu kikubwa kama nyumba kitakufaje njaa? Umewahi kumwona, au umetunga?"

Darasa likaangua kicheko. Kwa kuwa kicheko kilikuwa kitamu, nikavimbisha mashavu kama nyangumi na kujifanya napiga mbizi juu ya dawati. Mkufunzi akaandika kitu kwenye faili.

"Nilisoma kitabuni," alisema Madamu Tabu, na hakuna aliyemsikiliza.

Wiki iliyofuata tukaambiwa hakufaulu, atarudia mazoezi shule nyingine. Alipokuja kuaga alinikuta peke yangu bombani.

"Mwanangu, umekula leo?"

"Nimekula," nikadanganya, nikakimbia na ndoo iliyojaa nusu tu.

Mwaka jana niliona kwenye simu picha za nyangumi wa kijivu waliokufa ufukweni, wembamba, wamebonyea vilevile alivyosema. Nilimwonyesha mume wangu, nikashindwa kumweleza kwa nini nalia. Kwamba Madamu alisema kweli, hilo lingevumilika. Kinachonichoma ni lile swali la bombani. Alikuwa ameshajua kwa nini nilimcheka, alijua kabla yangu mimi mwenyewe, na bado hakuja kunigombeza. Alikuja kuuliza kama nimekula. Mimi hata shikamoo sikumpa.