Ushindi Wangu wa Mhezi

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Chuo kikuu chetu hapa Same kilipotangaza kwamba fedha za michezo zitajenga chumba cha gemu za kompyuta badala ya uwanja wa riadha, mimi kocha wa riadha nilichachamaa. "Mchezo gani huo wa kukalia kiti?" nikafoka kikaoni. Nikamtaka nahodha wao wa gemu, binti anayeitwa Nakunda, tushindane kupanda mlima hadi kijiji cha Mhezi. Akishinda, wajenge chumba chao.

Jumamosi tukaanza. Kona ya tatu magoti yakanigomea, na binti ameshanipotea machoni. Ikapita bodaboda. Nikapanda, nikavaa helmeti nisijulikane, tukampita Nakunda nimejiinamia kama mgonjwa. Kona moja kabla ya kijiji nikashuka, nikajimwagia maji shingoni, nikaingia Mhezi natimua mbio.

Jamani, nilipokelewa! Watu walishangilia huku wameshikana mabega, wengine wakifuta machozi. Mkuu wa chuo alishindwa hata kunipa mkono. Nikapanda juu ya jiwe, nikanyoosha ngumi. "Mmeona? Jasho halidanganyi! Hii ndiyo michezo!" Wakazidi kupiga makofi, nami nikazidi kuhutubia.

Nakunda akafika anahema, akanitazama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kushindwa."

"Asante. Dereva wa bodaboda yuko pale kwenye kona, anaomba helmeti yake."